Mama Fumua Anaiacha Meza

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mwalimu wetu wa ufumaji atastaafu rasmi baada ya kukitumikia kituo hiki cha ufundi kwa miaka thelathini na miwili. Jina lake kamili liko kwenye faili kwa wanaopenda mambo ya faili. Sisi wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa kituo, tunamwita Mama Fumua, na hata ukimwita hivyo mbele ya wakwe zake anaitika bila kukunja uso.

Mhariri wa jarida letu amenipa mimi, mzee wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna aliyekaa naye muda mrefu kama mimi. Ya pili, wengine wote walioombwa walisema wana kazi nyingi. Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi, kwa hiyo mkikuta sentensi imelala upande msiiamshe. Isitoshe huyu ni shemeji yangu, si wa damu bali wa drafti, kwa kuwa mume wake, yule fundi saa, ananifunga drafti kila Jumapili na mimi namlipizia kwa kumtania mkewe. Haki hiyo sina mpango wa kuistaafu.

Alikuja hapa msichana mwembamba, msaidizi katika darasa la ushonaji, na baada ya muda akapewa darasa lake mwenyewe la kufuma sweta. Niseme ukweli, miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya majonzi. Kila mwanafunzi alianza sweta lake kwa bashasha. Akamaliza kifua, akamaliza mgongo, na alipofika kwenye mikono akakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani. Stoo yangu ilijaa vifua visivyo na mikono. Msimu wa baridi tulivaa hivyo hivyo, na mgeni akiingia alidhani sisi ni watu tuliomkimbia fundi kabla hajamaliza.

Aliyemwokoa ni fundi wa vigae. Korido ya ofisi ilikuwa inatandikwa upya, na Mama Fumua alikuwa anapita na kikombe cha chai. Akasimama. Chai ikapoa mkononi. Yule fundi hakuwa anatengeneza sakafu, alikuwa anaweka kigae kimoja, anakibana kwenye ubavu wa mwenzake, anavuta pumzi, anachukua kingine. Jioni sakafu ikawepo yenyewe. Mama Fumua alimkodolea macho muda mrefu hivi kwamba fundi wa watu alidhani amependwa, na kesho yake alikuja amechana nywele.

Hakupendwa. Alichopata mwenzetu pale ni kufuma kwa vipande, na ndicho alichokifundisha hadi leo. Kwa wasiokijua, niwaeleze kama nilivyoelewa mimi ambaye kazi yangu ni kugawa nyuzi. Huanzi blanketi zima. Unafuma kipande kimoja cha mraba, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Kikiisha hukiweki pembeni ukashone baadaye. Unapitisha sindano kwenye ukingo wake, unaokota vitanzi hapo hapo, na kipande cha pili kinaota ubavuni mwa cha kwanza kama chumba cha uani kinavyoota kwenye nyumba ya mtu mwenye watoto wengi. Cha tatu kinaota kwenye cha pili. Unaendelea mpaka uchoke au uzi uishe. Hakuna kushona, hakuna mikono ya kukukatisha tamaa, na mtu mwenye saa moja tu kwa wiki anaondoka amemaliza kitu.

Baadaye tulikuja kusikia kwamba kuna watu sehemu nyingine wanafuma hivyo tangu zamani. Mama Fumua alinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu akaomba aonyeshwe picha za kazi zao, akazitazama kwa miwani na bila miwani, akasema kona zao si mbaya.

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye meza. Aliwakalisha wanafunzi wake wote kuizunguka meza moja ndefu, kazi moja katikati, na kila mmoja alifuma kwenye ukingo wa jirani yake. Wazee, vijana, waliosoma, waliosomewa, wote walikuwa wanajengeana. Ubaya wa mpango huo ni kwamba kila mtu amemkalia mwenzake. Kipande cha chini kikienda, na wewe wa juu unakwenda.

Ndiyo maana alikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyompa jina. Hajawahi kugusa sindano ya mwanafunzi. Ukikosea anakuja, anainama, anatazama, anasema "Fumua," anaondoka. Ukimwomba akushikie kidogo tu, anakutazama kana kwamba umemwomba akulalie usingizi. Mama mmoja alimwambia machozi yakimtoka kwamba ana roho ya chuma. Akamjibu, "Mwanangu, nikikufumia mimi hapa, kule kwako utafumiwa na nani?"

Ningeweza kufunga wasifu hapa, nikataja vyeti, mkaenda kula keki. Lakini kuna asubuhi moja ambayo sheria hiyo nusura ituzike sote, na wengi wenu mliokuja juzi mmeisikia vipande vipande kwa watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, ingawa mahali nilipokuwa hapakuwa pa heshima.

Mkuu wa kituo wa wakati ule, ambaye ameshahamishwa na tukikutana tunasalimiana vizuri, alikitaka chumba cha ufumaji. Ndicho chenye madirisha makubwa, na yeye alitaka kuweka kompyuta humo. Alisema watu wazima kukaa meza moja na sindano ni baraza la umbea. Mama Fumua akapanda ofisini kwake, na waliokuwa koridoni wanasema mlango ulifungwa kwa heshima mno, jambo ambalo liliwatia hofu. Walipotoka walikuwa wamekubaliana. Bodi itakuja. Siku hiyo katika ukumbi lazima kuwe na kazi moja kubwa, iliyofumwa na meza nzima, imetundikwa ukutani kabla mwenyekiti wa bodi hajaketi. Ikiwepo, darasa linabaki. Isipokuwepo, kompyuta zinaingia wiki hiyo hiyo, na Mama Fumua anarudi kuwa msaidizi wa ushonaji, kupima viuno.

Wakaanza blanketi. Wakakwama siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyetaka kufuma kipande cha kwanza, kile cha katikati ambacho vingine vyote vitakikalia. Kila mtu alimsukumia mwenzake. Aliyenyoosha mkono ni Dereva.

Dereva alikuwa mtu wa malori ya masafa marefu hadi kiharusi kilipompiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, maneno yakarudi machache, mkono wa kulia ukarudi kwa uvivu. Dada yake mdogo ndiye aliyemleta mezani kwetu, akamwacha pale kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Alikuwa ameshafukuzwa na mazoezi ya aina nyingine zote, au yeye ndiye aliyeyafukuza. Kipande kile kimoja kilimchukua muda ambao Msusi, jirani yake mezani, angefuma shuka. Huyu Msusi alikuwa na saluni yake mtaani, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alimwambia, "Kaka, ukimaliza hicho mtoto wangu atakuwa ameoa." Dereva akajibu neno moja tu, "Mlima." Maana yake yuko mlimani, gia ndogo, usimpigie honi.

Akamaliza. Wengine wakaokota vitanzi ukingoni mwake, blanketi likakua pande zote, na mtu yule akaanza kunyoa ndevu kabla ya kuja darasani.

Asubuhi ya bodi ikafika. Blanketi limekamilika, kubwa kuliko mlango, liko juu ya meza linangoja kubebwa ukumbini. Wanne walilinyanyua kila mmoja kwenye kona yake: Msusi, Mama Mapacha, kijana mmoja mwoka mikate, na Karani, mzee aliyestaafu posta. Karani ni mtu nadhifu. Aliona kwa nyuma, katikati kabisa, kipande cha uzi kinaning'inia. Mtu wa posta hawezi kuvumilia kitu kinachoning'inia. Akanyoosha vidole, akakivuta.

Mniwie radhi niwaeleze kuhusu turubai. Dereva wa lori akifunga turubai juu ya mzigo, anapiga fundo linalobeba tufani lakini lenye mkia. Ukiuvuta ule mkia, fundo linafunguka mara moja, mzigo ushushwe. Sasa Dereva, alipokuwa katikati ya kipande chake, uzi ulimwishia. Akaunganisha na mwingine. Kwa fundo gani? Kwa lile analolijua tangu ujana wake. Akalifunga kwa mkono mmoja na meno, safi kabisa, akaacha mkia nyuma kama inavyotakiwa barabarani.

Karani alipovuta, fundo likatii.

Hatukusikia chochote. Tuliona tu kitundu kidogo katikati ya blanketi, kama jicho linaloamka. Kisha kitanzi cha jirani kikaponyoka, na cha jirani yake.

"Shusheni!" Mama Fumua alisema, si kwa sauti kubwa. "Mezani. Polepole. Asivute mtu hata pumzi."

Likalala mezani. Kipande cha Dereva kilikuwa kinafunguka mbele ya macho yetu, na vipande vyote vilivyokikalia vilikuwa vinangoja zamu yao. Mkuu wa kituo aliingia wakati huo huo, amevaa suti ya kijivu, kuuliza kwa nini ukutani hakuna kitu. Akatazama. Suti ilibaki ya kijivu na yeye akafanana nayo.

"Wameshafika getini," alisema. "Mwalimu, shona. Tia uzi wa nyuma, tundika, nani atajua?"

"Likitundikwa litajivuta kwa uzito wake," Mama Fumua alisema. "Litafunguka mbele yao."

"Basi fuma wewe. Si dakika chache tu kwako?"

"Ni dakika chache."

"Sasa?"

"Kipande si changu, Mkuu."

Msusi akasema, "Mama, niachie mimi, hata maji hawatakuwa wamekunywa." Na kweli angeweza, sote tulijua. Dereva naye alijua. Alikuwa ameshasimama, ameshachukua kofia yake kwenye msumari, na uso wake ulikuwa umerudi vile ulivyokuwa siku dada yake alipomleta. Mtu yule angetoka mlangoni wakati ule, hakuna lori ambalo lingemrudisha.

"Unakwenda wapi?" Mama Fumua alimuuliza.

Dereva akaonyesha mlango kwa kidevu.

"Gari lilipokuwa linapata pancha barabarani ulikuwa unashuka unakwenda nyumbani?"

Maneno yalikuwa yanamjia kwa foleni. "Nilikuwa... na utingo."

"Leo unao wanne. Kaa."

Akakaa. Mama Fumua akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwake, karibu kama abiria wa mbele. "Mzee wa stoo, sindano fupi, zile zenye ncha pande zote mbili. Kimbia." Nilikimbia, magoti yangu yenyewe yakashangaa. Niliporudi, Dereva alikuwa ameshakitoa kipande chake chote kilichobaki, na katikati ya blanketi palikuwa na dirisha la mraba, vitanzi vimekaa wazi pande zote nne, vimeshikiliwa na bahati tu. Msusi akaingiza sindano upande wake, Mama Mapacha upande wake, Karani, ambaye alikuwa analia waziwazi, upande wake, na Mwoka Mikate upande wa nne. Kila mmoja alibeba vitanzi vyake hewani, blanketi limenyooshwa sawasawa. Akilegea mmoja, vinashuka vyote. Dereva akapewa sindano ya tano. Kazi yake ni kuzunguka, kitanzi kwa kitanzi, upande kwa upande, na kwenye kila kona anaviunganisha viwili kuwa kimoja. Kila mzunguko dirisha linapungua, mpaka kibaki kitanzi kimoja katikati.

Hapo ndipo meza ilipotikisika. Ina mguu mmoja mlegevu ambao seremala wetu ameahidi kuutengeneza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na bado anaahidi, nampa salamu. Mama Fumua hakugeuka hata kunitazama.

"Mzee, ingia chini."

Nikaingia chini ya meza nikaukumbatia ule mguu kama mume aliyesamehewa. Basi niliyoyaona baada ya hapo niliyaona kwa miguu, na niliyoyasikia niliyasikia kupitia mbao.

Viatu vya Mkuu vilikwenda dirishani, vikarudi, vikaenda. Ndala za Msusi, zenye kucha nyekundu, zilitulia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mguu wa kushoto wa Dereva ulikuwa unafanya kazi. Kila kitanzi kigumu alikikanyagia klachi, akashikilia, akaachia taratibu. Nikajua hapo kwamba yuko safarini.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mrefu kama mwezi wa kungoja mshahara. Nilisikia sindano inagusa sindano, tik, halafu kimya, halafu tik. Mara nikasikia watu watatu wanavuta pumzi kwa pamoja.

"Kimetoka!" Msusi alisema. "Kaka, kimetoka, nakiona, niki..."

"Mkono!" Mama Fumua alisema, na kucha nyekundu zikarudi nyuma hatua moja.

"Kinashuka, Mama!"

"Anakiona. Ni chake."

Klachi ikakanyagwa mpaka mwisho. Jasho la mtu, sijui la nani, likadondoka sakafuni karibu na pua yangu. Klachi ikaachiwa. Karani akasema juu kule, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa mtoto, "Amekidaka."

Mlango ukafunguliwa na viatu vipya vikaingia, vingi, vya ngozi, na mbele yao viatu vyeusi vya mwanamke, visivyo na kisigino kirefu, vya mtu asiyeharakishwa na yeyote. Mwenyekiti wa bodi. Mkuu akaanza kusema yale ambayo watu husema, karibuni, ni hitilafu ndogo, ukumbi uko upande wa pili. Viatu vyeusi havikwenda upande wa pili. Vilikuja mezani.

Na hapo simu ya Mama Mapacha ikalia. Ilikuwa mfukoni mwake na mikono yake miwili ilikuwa kwenye sindano, kwa hiyo ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mkuu mwenyewe ndiye aliyeitoa na kumwekea sikioni, na sote tukamsikia mwalimu wa chekechea akisema pacha mmoja ameingiza shanga puani na mwingine, kwa kuona wivu, ameingiza mbili.

"Nenda," Mama Fumua alisema.

"Na vitanzi?"

Viatu vya Mkuu vikasogea mbele. Hata kutoka chini nilisikia Mama Fumua anamkagua. "Mkuu, mikono yako inatetemeka." Halafu, bila kubadili sauti, akawaambia viatu vyeusi, "Mama, vua hizo pete. Shika hapa."

Kisha mkono wenye mishipa, wa mwanamke mzee kama mimi, ukashuka chini ya ukingo wa meza kutafuta mahali pa kuweka pete, ukakutana na uso wangu. Haukushtuka. Nikafungua kiganja, ukaniwekea pete mbili, ukapanda juu.

"Nikiachia?" Mwenyekiti aliuliza.

"Tutaanza upya, na wewe utalala hapa," Mama Fumua alisema.

"Mama," Dereva akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu akae. "Mama... handibreki."

"Nimeivuta, kijana wangu," Mwenyekiti akasema. "Endesha."

Akaendesha. Sitawadanganya kwamba alipata kasi. Mkono ule ulichoka, na kadiri vitanzi vilivyopungua ndivyo vilivyobanana, na vikibanana vinateleza. Mara moja alisimama kabisa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka juu ya klachi isiyokuwepo, na viatu vya wageni nyuma vilianza kubadilisha uzito, huku na huku, kama viatu vya watu wenye ratiba. Mkuu akakohoa. Mtu akasema kwa upole kwamba labda, kwa kuwa mwalimu yupo hapo, mwalimu angemalizia.

"Hapana," Msusi akasema. Msusi! Aliyetaka kumnyang'anya sindano asubuhi hiyo hiyo. "Mwacheni apumue. Nyie hamjawahi kupanda mlima?"

Alipumua. Klachi. Tik. Kona, viwili kuwa kimoja. Sindano ya Karani ikabaki tupu ikawekwa chini, nikaisikia inavyobingirika juu ya ubao. Ikafuata ya Mwoka Mikate. Ikafuata ya Msusi. Ya mwisho kuwekwa chini ilikuwa ya Mwenyekiti, na mkono wake ukashuka tena, ukafungua kiganja mbele ya pua yangu. Nikamrudishia pete zake. Juu kule kitanzi kilibaki kimoja.

"Uzi," Mama Fumua alisema. "Kata. Pitisha. Sasa funga, na usinifungie la turubai."

Watu wakacheka kicheko cha waliokuwa karibu kulia, na Dereva naye akacheka, nusu ya uso. Akafunga. Nikaruhusiwa kutoka. Nilipoinuka, mgongo wangu ukitoa mlio ambao wageni waliuheshimu, nililiona blanketi. Kipande cha katikati kilikuwa kimejikunja kidogo, kimevutana, kina kikovu katikati kama kitovu cha mtoto. Kilikuwa kimeshika. Walilinyanyua wanne kwa kona, wakalitikisa, wakalitikisa tena, na hakikutoka kitanzi. Hakuna aliyekumbuka kulipeleka ukutani.

Mwenyekiti alikuwa anavaa pete zake. "Mkuu," alisema, "chumba hiki ulitaka kuweka nini ndani?"

"Kompyuta, mama."

"Ziweke ofisini kwako. Nimepita pale, ni kubwa."

Ndivyo darasa lilivyobaki, na meza, na mguu wake. Hiyo ilikuwa miaka mingi iliyopita. Tangu siku hiyo wamepita mezani pale watu ambao siwezi kuwahesabu: walioachika, waliofiwa, waliotolewa wodini, na wengine wasio na tatizo lolote isipokuwa mume aliyestaafu na kukaa sebuleni. Wengi wao leo wanafundisha wengine, kila mmoja kwenye meza yake. Msusi ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mwalimu kuanzia Jumatatu, na tayari ameanza kutuita "wanangu", sisi tuliomzidi umri. Dereva yuko mezani bado. Anafuma kipande cha kwanza cha kila blanketi jipya, na hakuna anayemgombania nafasi hiyo. Mama Fumua amepata tuzo mbili za mfanyakazi bora, ambazo anazitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Waliokuwa juu ya meza siku ile wanasema mpaka leo kwamba hawajawahi kuona mtu mtulivu vile. Wanasema alikaa ubavuni mwa Dereva kama picha, uso umenyooka, darasa lake linataka kufa na yeye hapepesi jicho. Roho ya chuma, wanasema, na yeye anawaacha waseme.

Mimi nilikuwa chini, shemeji. Niliona mikono yako. Ulikuwa umeibana katikati ya magoti, chini ya ukingo wa meza ambapo hakuna mtu angeiona, na ilikuwa inafuma. Haikuwa na sindano wala uzi. Kila kitanzi alichochukua yule mtu juu, vidole vyako vilikichukua chini. Kilipoponyoka kile kimoja, kidole chako kilikidaka kabla yake, kikakishikilia hewani, kikamngoja. Aliposimama akashindwa kuendelea, mikono yako ilipandana mmoja juu ya mwingine, na ule wa juu uliubana ule wa chini mpaka kucha zikawa nyeupe, kwa sababu ilikuwa inataka kupanda mezani na wewe uliikatalia. Ulipoinuka kwenda kuwasindikiza wageni, sketi yako ilikuwa imelowa jasho la viganja, na ulijifunika kwa daftari la mahudhurio.

Sikumwambia mtu, hata mumeo, ingawa kwenye drafti kuna siku ningeweza kuitumia habari hii kupata kete.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wanafunzi wa meza ya ufumaji, seremala na ahadi zake, na stoo ambayo siku hizi ina mablanketi mengi kuliko vifua visivyo na mikono, tunakushukuru kwa kazi yako yote, na zaidi kwa ile uliyojizuia kuifanya. Mikono ile umeikatalia miaka thelathini na miwili. Kuanzia Ijumaa hakuna mwanafunzi mbele yako, kwa hiyo iachie, shemeji, ifume inachotaka. Tunakuombea siku njema, afya tele, na usingizi mzito wa asubuhi. Uwe na maisha mema.